Kura Kabla ya Mzinga

Katika chumba cha baraza kuu la Muungano wa Sayari Huru, viongozi wanabishana kama jeshi liivamie Dola ya Galaksi au lisiivamie. Mwenye dhamana ya fedha, João Lebello, anasema hazina imekauka. Mwenye dhamana ya rasilimali watu, Huang Rui, anasema jeshi limemeza mafundi kiasi kwamba mitambo ya umma inaendeshwa na wasio na uzoefu, na ajali zimezidi. Hoja zao ni nzito na hakuna anayezijibu. Badala yake mwenyekiti wa baraza anawaonyesha wenzake hesabu iliyotoka kwenye kompyuta: serikali inaungwa mkono na asilimia 31.9 tu ya wananchi, na uchaguzi umekaribia. Ushindi mkubwa wa kijeshi ukipatikana ndani ya siku 100, kiwango hicho kitapanda kwa asilimia 15 au zaidi. Kura zinapigwa. Watatu wanakataa, walio wengi wanashinda, na askari milioni 30 wanapangiwa safari.

Mpaka hapo hakuna hata risasi moja iliyofyatuliwa. Mtazamaji aliyezoea hadithi za anga za juu zenye meli zinazotemeana moto anaweza kudhani amewekewa kanda nyingine. Hapana. Hii ndiyo Ginga Eiyū Densetsu, yaani Hekaya ya Mashujaa wa Galaksi, katuni ya Kijapani ya sehemu 110 ambayo nje ya Japani hujulikana zaidi kama Legend of the Galactic Heroes, na ambayo wapenzi wengi wa fani hii huiweka daraja la juu kabisa. Wanaoisifu hutaja urefu wake, muziki wake na wahusika wake mamia kwa mamia. Mhadhara huu unaegemea sababu nyingine. Ukubwa wa kazi hii umo katika vikao vyake. Kila vita ndani yake vina bajeti, vina ghala la chakula, vina mtu aliyeinua mkono kukubali, na mara nyingi mtazamaji humwona mtu huyo kabla hajauona mzinga.

Waliokulia na tenzi hawatashtushwa na mpangilio huo. Katika Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate na kubaki katika mswada wa mwaka 1728, barua kwa Herekali hutangulia majeshi. Tofauti ni kwamba katika utenzi wa vita msikilizaji anajua tangu beti za mwanzo haki iko upande gani. Katika hekaya hii ya Kijapani hapewi raha hiyo, na huenda ndiyo maana wengine huiacha njiani.

Mtunzi ni Yoshiki Tanaka, mzaliwa wa Kumamoto wa mwaka 1952, aliyesomea fasihi ya Kijapani katika Chuo Kikuu cha Gakushuin jijini Tokyo. Riwaya 10 za mkondo mkuu zilitolewa na Tokuma Shoten kati ya 1982 na 1987, na mwaka 1988 zikapata tuzo ya Seiun, inayotolewa Japani kwa hadithi za kisayansi. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya kwanza, na mwezi Desemba ukaanza mfululizo wenyewe chini ya mwongozaji Noboru Ishiguro, mkongwe aliyekuwa ameshashiriki kutengeneza Space Battleship Yamato na kuongoza Macross. Mfululizo huo haukutengenezewa televisheni. Ulikuwa ni wa kanda za video zilizotumwa kwa posta kwa wateja waliokwisha kulipa, na biashara ya namna hiyo ina mengi ya kueleza kuhusu sura ya kazi yenyewe. Hakukuwa na haja ya kumtekenya mtazamaji kila baada ya dakika tatu asije akabadili kituo, wala ya kubuni roboti ili maduka ya midoli yapate cha kuuza. Mteja aliletewa wazee waliokaa mezani wakijadili mgao wa nafaka, akatazama, akasubiri kanda nyingine.

Sehemu ya mwisho ilitoka Machi 1997. Katikati ya safari hiyo Ukuta wa Berlin ulianguka na Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Tanaka alikuwa ameandika riwaya zote wakati Vita Baridi bado vikiendelea, lakini uhasama wake haufanani na ule wa Washington na Moscow. Hakuna ubepari na ukomunisti hapa. Kuna ufalme na jamhuri, yaani swali la zamani zaidi: nani aamue, na akikosea nani amwondoe?

Simulizi inaanza mwaka 796 wa Kalenda ya Anga. Binadamu wote ni bilioni 40: Dola ina bilioni 25, Muungano bilioni 13, na Fezzan, nchi ya wafanyabiashara iliyo katikati, bilioni 2. Vita baina ya wakubwa hao wawili vimedumu miaka 150 na zaidi, kwa hiyo hakuna aliye hai anayeijua amani.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba Dola ilizaliwa kwa kura. Rudolf von Goldenbaum alikuwa askari aliyeingia siasa za Shirikisho la Galaksi wakati rushwa na uvivu vimelichosha shirikisho hilo. Alichaguliwa kihalali, akajilimbikizia vyeo, na hatimaye akajivika taji huku umati ukishangilia. Baadaye ilikuja sheria ya kuwaondoa duniani walioitwa wenye vinasaba duni, na bunge likafungwa. Anayeijua Ujerumani ya 1933 hahitaji kuelekezwa. Lakini hadithi inakaza macho zaidi kwenye ile shangwe kuliko kwenye ukatili wa Rudolf mwenyewe. Watu walikuwa wamechoka kuamua mambo yao, wakampata wa kuwaamulia.

Muungano, kwa upande wake, ulianzishwa na watumwa. Arle Heinessen na wenzake walitoroka sayari ya kazi ngumu kwa meli iliyochongwa katika barafu kavu, wakasafiri miaka 50 kutafuta nyota ambako Dola isingewafikia. Waliondoka watu 400,000 wakafika 160,000, na Heinessen mwenyewe alifia njiani. Wajukuu wao wana sanamu zake kila mahali, na sayari ya mji mkuu imepewa jina lake. Wana pia kikundi cha wahuni waliofunika nyuso, wanaojiita wazalendo, wanaowavamia usiku wale wanaohoji vita. Muungano huo ndio mtazamaji anaotakiwa kuupenda.

Fezzan inahitaji maneno machache tu. Jina lake ni sawa na la jimbo la jangwani kusini mwa Libya ambako misafara ya Sahara ilipita kwa karne nyingi, na kazi yake ni ileile ya vituo vya misafara. Kwa karatasi ni milki ya Dola. Kwa vitendo inaukopesha Muungano, inauza habari kwa pande zote mbili, na inajitahidi asishinde mtu.

Turudi kwa wale askari milioni 30. Kabla hawajaondoka kunafanyika kikao kingine, cha majenerali, na ni miongoni mwa vikao bora kabisa vilivyowahi kuchorwa. Mpango wa uvamizi umetungwa na afisa kijana, Andrew Fork, mtu wa vyeti vizuri na ulimi mwepesi, aliyeupeleka moja kwa moja kwa wanasiasa bila kupitia kwa wakuu wake. Anaulizwa lengo la uvamizi ni nini. Anajibu kwa sentensi ndefu zilizojaa maneno ya kupendeza, zenye kusifu unyumbufu na uwezo wa kukabili hali yoyote itakayojitokeza. Admirali mzee Alexandre Bucock, aliyepanda ngazi kutoka askari wa kawaida, anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza kama maana yake si kwamba wataenda hivihivi tu na kuona huko mbele. Aliyewahi kukaa kwenye kikao ambacho mpango mbovu unapita kwa sababu mwenye mpango anajua kuzungumza ataitambua sauti ya Fork bila kuhitaji tafsiri.

Wanaenda, na hakuna anayewazuia. Sayari za mpakani zinaachwa wazi. Majeshi ya Dola yameondoka, na yameondoka na chakula chote. Huo ni mpango wa kamanda wa Dola, Reinhard von Lohengramm, na mshauri wake Oberstein, wa aina ile iliyommaliza Napoleon kule Urusi mwaka 1812. Wakombozi wanawakuta wanakijiji wenye njaa, na mkombozi asiyelisha huyo si mkombozi. Kwa hiyo jeshi linagawa akiba yake. Midomo inafika milioni 50. Ombi la nafaka linapelekwa makao makuu, na msafara wa shehena unapokuja unateketezwa na Siegfried Kircheis, rafiki wa Reinhard, kabla haujafika. Ndipo askari wanapoamriwa kujitafutia, maana yake wachukue kwa nguvu kile walichokigawa wenyewe siku chache kabla. Wanakijiji wanapiga mawe, askari wanapiga risasi. Pambano lenyewe, la Amlitzer, linafuata baadaye kama hati ya kifo inayokuja baada ya mgonjwa kukata roho. Milioni 20 hawarudi.

Hesabu ya kompyuta ilisema asilimia 15. Serikali nzima inajiuzulu, isipokuwa wale watatu waliopiga kura ya kukataa. Wawili ni Lebello na Huang Rui. Wa tatu ni Job Trunicht, mkuu wa ulinzi, mtu aliyekuwa akihubiri vita kuliko wote. Alijua safari hii itashindwa, akakaa kando wenzake wakizama, na sasa anashika kiti cha uongozi akiwa msafi.

Ili kumwelewa Trunicht, inafaa kusimama kwenye tukio la miezi michache kabla, katika sehemu ya 3. Muungano umepoteza zaidi ya watu milioni moja katika pambano la Astarte, na serikali imeandaa hafla ya kuwakumbuka. Ukumbi umejaa. Trunicht ana sauti nzuri, anajua pa kutua na pa kupandisha, na anapofika kileleni watu wote wanasimama kumpigia makofi. Afisa mmoja anabaki kwenye kiti. Jirani yake anamkaripia. Yeye anajibu kwa upole kwamba hii ni nchi huru, na katika nchi huru mtu ana haki ya kutosimama. Kisha mwanamke aliyevaa nguo za msiba, Jessica Edwards, anatembea mpaka mbele ya jukwaa. Mchumba wake amekufa Astarte. Hana hotuba. Anamuuliza Trunicht yuko wapi yeye wakati wengine wanakufa, na ndugu zake wako wapi. Mpiga domo amekwama. Walinzi wanaitwa, wimbo wa taifa unapigwa kwa sauti kubwa, na mwanamke anatolewa nje.

Tukio zima ni la dakika chache, limechorwa bila mbwembwe, na bado ni vigumu kupata somo zuri kuliko hilo kuhusu namna wimbo wa taifa unavyoweza kutumika kuziba swali. Jessica baadaye anagombea, anakuwa mbunge, na anauawa na askari wa maofisa waliopindua serikali ya Muungano, katika mkutano wa hadhara uwanjani. Hekaya hii haina mazoea ya kuwalinda wasema kweli.

Afisa aliyebaki kitini ni Yang Wen-li, nusu ya moyo wa simulizi. Alitaka kuwa mwanahistoria. Baba yake, mfanyabiashara aliyesafiri angani, alifariki akimwachia mkusanyo wa vitu vya kale ambavyo karibu vyote viligundulika kuwa bandia. Kijana akajiunga na chuo cha kijeshi kwa sababu historia ilifundishwa bure pale, halafu idara ya historia ikafungwa naye akahamishiwa mikakati. Akiwa afisa mdogo wa miaka 21 aliachiwa raia milioni 3 wa El Facil baada ya kamanda wake kutoroka; akamtumia mtoro huyo kama chambo bila mwenyewe kujua, na raia wote wakapita salama. Tangu siku hiyo anapandishwa vyeo asivyovitaka. Anakunywa chai iliyotiwa brandi, anazungumzia pensheni yake kuliko ushindi wake, na anaiteka ngome ya Iserlohn, yenye kipenyo cha kilomita 60 na sifa ya kutotekeka, bila kumpoteza askari hata mmoja wa upande wake. Alidhani ushindi huo ungeleta mazungumzo ya amani. Ulileta kile kikao cha asilimia 15.

Nusu nyingine ni Reinhard, mtoto wa kabaila maskini. Alipokuwa na miaka 10, dada yake Annerose alichukuliwa kuwa mmoja wa wanawake wa Kaizari. Reinhard na rafiki yake wa jirani, Kircheis, wakaapa kuipindua Dola. Watunzi wengi wangemfanya adui. Tanaka anamfanya mtawala mwema: anafuta mateso, anasawazisha kodi, anawapa wakulima haki mahakamani, anateua watu kwa uwezo wao. Hoja ya udikteta haijapata wakili hodari kuliko Reinhard katika katuni yoyote, na mtazamaji mkweli atajikuta anavutwa. Mwananchi wa kawaida angelala wapi kwa amani zaidi, chini ya Reinhard au chini ya Trunicht? Hadithi inajua jibu na haiogopi kulitoa.

Halafu inaleta Westerland.

Ni sayari ya watu milioni 2. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ndani ya Dola, kati ya Reinhard na makabaila, wakazi wake wanamwasi bwana wao, Braunschweig, naye anaamua kuwaadhibu kwa mabomu ya nyuklia. Reinhard anapata habari mapema. Oberstein anamweleza kwa utulivu wa mhasibu kwamba picha za mauaji hayo zikisambazwa, makabaila watapoteza wafuasi na vita vitaisha haraka. Wafu wa leo watakuwa wachache kuliko wa kesho. Reinhard anasitasita, na nafasi ya kuzuia inapita. Picha zinarekodiwa. Hesabu ya Oberstein inatimia.

Kilichobaki kinaenda kwa mantiki isiyo na huruma. Kircheis anamuuliza rafiki yake kama ni kweli. Reinhard, kwa aibu inayojigeuza hasira, anamnyang'anya haki aliyokuwa nayo peke yake kati ya maadmirali wote: kuingia mbele yake na silaha. Siku ya sherehe ya ushindi, Ansbach, mtumishi wa Braunschweig, analeta maiti ya bwana wake ukumbini. Ndani ya maiti mna mzinga mdogo. Kircheis anamrukia Ansbach kwa mikono mitupu, kwa kuwa sasa mikono ndiyo aliyonayo, na anakufa akiwa na miaka 21. Miaka kadhaa baadaye, Reinhard akiwa Kaizari, anajitokeza mwanamume aliyepoteza mke na mtoto Westerland, amekuja kumuua. Anakamatwa na kumwambia usoni alichofanya. Mtawala mwema hana la kujibu, na hakuna baraza wala mahakama yenye mamlaka ya kumdai jibu. Hapo ndipo hoja ya udikteta mwema inapochanika, tena bila mtu yeyote kutoa hotuba ya kuipinga.

Upande wa pili unapata jaribio lake mwaka 799, Vermillion. Reinhard amevamia Muungano. Yang amemvuta mpaka kwenye pambano la wawili, na jahazi kuu la Reinhard, Brünhild, liko mbele ya mizinga ya Yang. Amri moja tu na vita vimekwisha. Wakati huohuo maadmirali wawili wa Dola, kwa ushawishi wa Hildegard von Mariendorf, msaidizi wa Reinhard, wameizingira sayari ya mji mkuu, na Trunicht anatuma amri: acheni kupigana, tumesalimu. Schönkopf, kamanda wa kikosi cha wakimbizi wa Dola, anamsihi Yang asiisikie amri hiyo, apige, kisha aende kuchukua madaraka. Yang anaitii. Anashusha silaha mbele ya adui aliyemshinda kwa agizo la kiongozi anayemdharau.

Sehemu hii huwakasirisha watazamaji, na hasira yao ni ushahidi wa kazi nzuri ya mtunzi. Anayetaka Yang apige anataka shujaa mwenye akili avunje amri ya serikali iliyochaguliwa kwa sababu serikali hiyo imeoza. Hayo ndiyo waliyoyataka waliomshangilia Rudolf. Saa 20 za hadithi zimemleta mtazamaji taratibu mpaka kwenye umati ule, naye hakuhisi miguu ikisogea.

Wala Tanaka haachii hapo. Anayeshika uongozi wa Muungano baada ya kushindwa ni Lebello, yule mtu safi wa fedha aliyepinga uvamizi. Akiwa chini ya shinikizo la mwakilishi wa Dola, na akijiaminisha kwamba anaiokoa jamhuri, anaruhusu Yang akamatwe kwa kosa lisilokuwepo, na mpango wa kumuua unafuata. Kiongozi mwaminifu anatenda uovu ambao hata Trunicht hakuuthubutu. Baadaye anauawa na maofisa wake wanaotaka kujipendekeza kwa Reinhard, na Reinhard anaamuru maofisa hao wauawe kwa usaliti. Ni waandishi wachache wanaomjengea mtu sifa kwa makini namna hiyo ili waonyeshe jinsi hofu inavyoweza kuibomoa.

Atakayelalamika kwamba mhadhara umemsimulia mengi mno akumbuke kwamba msimulizi wa hekaya yenyewe hafichi kitu. Anazungumza kama mwanahistoria wa vizazi vya baadaye, anataja tarehe za vifo kabla hazijafika, na kichwa cha sehemu ya 82 chenyewe kinatangaza kwamba mchawi, lakabu ya Yang, hatarudi. Yang anakufa kwa jeraha la paja, peke yake katika ujia wa meli, akiwa njiani kwenda kuzungumza amani. Msanii aliyempa sauti, Kei Tomiyama, alifariki mwaka 1995, kabla ya sehemu za mwisho kutoka. Orodha ya wasanii wa sauti ilikuwa ndefu kiasi kwamba Wajapani waliutania mfululizo kwa kubadili jina lake kidogo: hekaya ya waigizaji wa sauti wa galaksi.

Muziki ni wa Mahler, Bruckner, Dvořák, Shostakovich na wenzao, na rekodi nyingi zilitoka Ujerumani Mashariki, nchi ambayo ilitoweka kwenye ramani kabla mfululizo haujafika nusu. Katika filamu ya kwanza pambano zima linaendeshwa na Boléro ya Ravel: ngoma ileile, wimbo uleule, ukikua bila kugeuka, huku meli zikijipanga na kuungua. Hakuna tarumbeta za ushindi. Ala moja inaongezeka, watu elfu kadhaa wanapungua.

Dosari zipo, na nyingine si ndogo. Wanawake ni wachache mno: Frederica mke wa Yang, Hildegard, Annerose, Jessica, na ukiendelea kuhesabu unaanza kutafuta. Watu wa kawaida wanatajwa kwa mamilioni lakini hawazungumzi sana. Tunayaona maoni yao kama asilimia, jambo ambalo ndilo hasa kosa la yule mwenyekiti wa baraza. Meli zinapigana kana kwamba anga ni uwanja wa mpira, ingawa hakuna anayezizuia kupita juu au chini. Dosari kubwa zaidi ni dini ya siri ya sayari Dunia, inayovuta kamba nyuma ya pazia. Kila inapoingia, maamuzi yaliyofanywa na watu wenye majina na viti yanageuka kuwa njama, na simulizi iliyokuwa ikiwawajibisha wanasiasa inawapa kisingizio.

Toleo jipya lilianza mwaka 2018, likitengenezwa na Production I.G chini ya mwongozaji Shunsuke Tada. Meli zake zinang'aa na mapambano yanaeleweka kwa urahisi zaidi. Kijana anayeogopa michoro ya miaka ya 1980 anaweza kuanzia huko. Lakini la zamani lina kitu ambacho fedha haikuongeza: nyuso za wazee. Bucock wa mwaka 1988 anaonekana amelala vibaya, na anapomkatiza Fork mtazamaji anaamini kwamba amewahi kuwazika vijana.

Anayefika sehemu ya 110 atakuta kikao cha mwisho. Reinhard, mwenye miaka 25, anaugua ugonjwa usiotibika, na mbele yake anakaa Julian Minci, mtoto aliyelelewa na Yang, ambaye hajafika hata miaka 20. Hakuna aliyeshinda vita. Julian na wenzake wamepigana hadi ndani ya Brünhild ili tu wapate nafasi ya kusikilizwa. Anachokipata ni mfumo mmoja wa nyota wa kujitawala wenyewe, ukiwemo mji mkuu wa zamani, na badala yake anarudisha ngome ya Iserlohn kwa Dola. Anaomba kingine pia, ambacho hakiwezi kuandikwa kwenye mkataba siku hiyo: kwamba Dola yenyewe ijiwekee katiba na bunge siku moja, wakati watawala wake hawatakuwa tena watu kama Reinhard. Kaizari anamsikiliza. Anamwambia alizungumzie suala hilo na Hildegard, atakayetawala baada yake.